Matanga ya Tuta la Saba

Tulimzika Tata Beya katika tuta la saba, kati ya kabichi na lengalenga, mchicha wetu, ingawa Tata Beya hakuwahi kuishi. Ninalisema mapema kwa sababu nililisema hata siku ya arobaini, mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniamini.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya kilimo miezi minane kabla. Mama Jeanne, mjane wa karani wa reli hapa Kolwezi, alinipa kiwanja kilicho wazi nyuma ya nyumba yake ili mtaa mzima ulime mboga pamoja. Wazo lilikuwa langu. Nililitangaza kanisani, kisha nikapita mlango kwa mlango. Kwenye mkutano wa kwanza walikuja watu wanne, na wawili kati yao walidhani tunagawa vyandarua. Mtaani waliniita Agronome, kwa sauti ile ile waliyomwitia jogoo wa jirani jina la Kolonele.

Hata hivyo tulilima matuta kumi na mawili, mimi na Mama Jeanne na Donatien, seremala wa nyumba ya pili. Kisha Donatien, alipokuwa akichimba shimo la mbolea, akagonga jiwe la kijani.

Hapa kwetu hata mtoto wa kunyonya anajua maana ya jiwe la kijani: chini kuna shaba. Kabla ya saa nane mchana alikuwa amefika Mukuna, ambaye vijana wa migodi humwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kwa kuwa ana wachimbaji kumi na watano na kofia ya plastiki. Aliligeuza lile jiwe, akalilamba, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Mama," akamwambia Mama Jeanne, "hii parcelle yako iko natulia juu ya kitu. Alhamisi tutakuja na bitu yetu ya kuchimba. Kila nyumba ya avenue itapata fungu."

Mtaa ulifurahi. Mama Jeanne hakufurahi wala hakukasirika. Miaka yote aliyoishi na mumewe karani, alijifunza kupanga mambo kwa tarehe. Akaniita jikoni.

"Agronome, binti yangu, mi sitagombana na avenue yote. Lakini nitakuambia kitu. Siku nitakayopika shu moja, kabichi moja ya hapa, nikaikula, hii parcelle itabakia ya mboga. Kama Mukuna atatangulia, basi ametangulia. Shu inataka siku ngapi?"

"Sitini, Mama, tukihamisha miche kesho."

"Na Alhamisi ni kesho kutwa," akasema, akaendelea kusonga bukari, ugali wetu.

Jumatano nilihamisha miche. Sijui kwa nini. Nadhani mtu hufua shati hata kama treni imeshaondoka. Jua lilikuwa kali na miche ikalala chini kama imepigwa. Donatien alinionea huruma, akanikatia matawi ya mchikichi, tukayasimika kando ya matuta yote yawe kivuli. Yalipobaki mawili nikayasimika mlangoni mwa kiwanja, moja huku na moja huku, kwa sababu yalikuwa mazuri na sikutaka yatupwe.

Chuo kilinifundisha mambo mengi kuhusu kivuli. Kwetu matawi ya mchikichi mlangoni yana maana moja tu, na mimi niliyezaliwa hapa sikuikumbuka.

Alhamisi asubuhi Mukuna alikuja na watu wake, mitarimbo begani. Walipofika mlangoni walisimama. Mitarimbo ikashuka moja moja. Mukuna akavua kofia ya plastiki.

"Pole," akasema kwa sauti ya chini. "Nani alikufa?"

Nilitaka kusema ni kwa ajili ya kabichi. Lakini nilikuwa nikilia tangu alfajiri kwa ajili ya hizo hizo kabichi, na machozi yakatangulia. Mama Jeanne akatokea na ndoo. Akayatazama matawi, akaitazama mitarimbo, akanitazama mimi.

"Tata Beya," akasema.

"Beya gani?"

"Beya yetu."

"Alikufa namna gani?" akauliza Donatien, ambaye matawi alikuwa ameyakata kwa mkono wake mwenyewe.

"Ghafula," akasema Mama Jeanne.

Donatien akakaa chini, akashika kichwa.

Mnamo saa sita viti vya plastiki vilikuwa vimefika. Vilikuja vyenyewe, kama vinavyokuja siku zote. Yakaja maturubai, makaa, sufuria, kwaya ya akina mama, na chifu wa avenue, ambaye alisimama na kutamka kwamba marehemu hakuwahi kusemwa vibaya kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipinga. Mwenye matanga huulizwa habari za marehemu, na Mama Jeanne alijibu kila swali kwa neno moja moja. Watu wakamalizia wenyewe. Mmoja alikumbuka Beya akichechemea mguu wa kushoto. Mwingine akasema wa kulia. Wakabishana, wakapatana kwamba alikuwa akibadilisha. Mukuna alisimulia kwamba chini ya shimo, taa ilipozimika, Beya alimpa betri zake mbili za mwisho.

"Vile alikuwa," wakasema watu, wakitikisa vichwa.

Nilihesabu watu themanini na sita. Miezi yote ya mikutano haikuwahi kunipa kumi. Niliona aibu, lakini chini ya ile aibu, Mungu anisamehe, kulikuwa na furaha. Nikaenda kwa kiongozi wa kwaya nikamwambia kwamba marehemu alipenda sana matuta yake yanyunyiziwe asubuhi na jioni.

"Mbona haukusema?" akanigombeza. Akina mama wakapanga mstari hadi kisimani, ndoo ikapita mkono kwa mkono, na wimbo haukukatika. Miche ikainuka kabla ya ubeti wa tatu.

Tatizo lilikuwa kwamba maiti huzikwa. Mukuna aliuliza kwa heshima ni makaburi gani. Mama Jeanne akasema Tata Beya aliomba alazwe hapa hapa, kwenye mboga. Donatien alipiga jeneza kwa mbao nzuri, na machozi yake yalianguka juu ya randa. Tulimwambia mwili tutauweka sisi wanawake. Tukalijaza samadi ya kuku hadi juu. Wabebaji sita walisema marehemu alikuwa mtu mzito, na kwamba kwa hali ilivyo ni vizuri asicheleweshwe. Wachimbaji wa Mukuna walichimba kaburi la tuta la saba kwa dakika ishirini, la ufundi mkubwa. Kisha wakafukia, wakaondoka na mitarimbo yao.

"Tutangojea matanga iishe," Mukuna akamwambia Mama Jeanne. "Siku arobaini?"

"Arobaini," akasema.

Nikapiga hesabu. Arobaini si sitini.

Siku hizo arobaini bustani ilipendeza kuliko picha yoyote ya vitabu vyangu. Hakuna aliyethubutu kupita bila kung'oa gugu, maana kaburi lenye magugu ni aibu ya mtaa. Lengalenga ya juu ya Tata Beya, kwa sababu nilizozijua mimi na Mama Jeanne, iliota hadi kifuani. Lakini kabichi zilikuwa bado zimefungua mikono. Kiini hakikuwa kikubwa kuliko yai.

Siku ya arobaini watu walirudi kuondoa matanga. Mukuna alivaa shati jeupe. Mitarimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wa nje, kwa adabu. Chifu wa avenue alipokuwa akikohoa ili aanze hotuba, akaingia mzee mwembamba anayesukuma baiskeli, mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, na kuku hai amefungwa nyuma pamoja na koleo.

"Mi ni Kalenga," akasema. "Natoka Mutshatsha. Habari ilitufikia nyuma, siku zimepita. Beya ni mutoto ya dada yangu. Mi ni mujomba yake. Nimekuja kumutoa, nimupeleke kwetu."

Watu wakafanya "eeeh" ya huruma. Mukuna akapiga hatua mbele, na uso wake uling'aa.

"Tata, usijisumbue na ile koleo. Kuchimba ni kazi yetu. Tutakutolea yeye, na tukiisha kufika chini, tutaendelea tu."

Vijana wakaenda kuchukua mitarimbo. Nikasimama juu ya kaburi.

"Hakuna mtu humu," nikasema. "Jeneza lina samadi ya kuku. Matawi yalikuwa kivuli cha kabichi. Beya hajawahi kuwapo. Nimewadanganya nyote, nisameheni, lakini kabichi zinahitaji siku ishirini tu."

Kisha mama mmoja akaja akanipepea kwa kitambaa.

"Uchungu," akamwambia jirani yake. "Inapanda ku kichwa."

"Mi nilijenga lile sanduku," akasema Donatien kwa upole. "Nilimubeba, Agronome. Alikuwa muzito."

"Alikuwa muchumba wake," mtu akanong'ona nyuma, na kwaya ikaanza wimbo wa kufariji wachumba.

Tata Kalenga akaegemeza baiskeli, akaomba aachwe kidogo na kaburi na mimi. Watu wakasogea hadi ukutani, akina Mukuna wakiwa wa karibu zaidi. Mzee akachuchumaa, akachukua udongo wa tuta la saba, akaunusa.

"Ni ya kuku," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Ya kuku ya nyumba. Si ya kuku ya masine." Akaufuta mkono kwenye suruali. "Beya yangu alitoka kwetu na mutarimbo, sasa miaka kumi na moja. Shimo iliwafungia. Hakuna aliyetuambia kilima gani. Nilimutafuta fasi tatu, kilima kwa kilima. Fasi ya mwisho walinionyesha mashimo, mengi kama ya panya, wakaniambia, Tata, chagua."

Nikachuchumaa kando yake.

"Juzi nikasikia, Beya, Kolwezi, matanga, siku arobaini. Nilijua bakina Beya ni wengi. Lakini nikafunga kuku."

"Tata, pale chini ni samadi tu. Nakuapia."

"Nimesikia, mutoto. Kule sijui kuko nini. Hapa ninajua." Akainuka kwa kushika bega langu, akaniinamia sikioni. "Hii mashu yako, ulisema inabakia siku ngapi?"

"Ishirini."

Akawageukia watu.

"Nilikuwa nimekosea," akasema. "Mutoto yetu alilala vizuri. Hatutamutoa. Na matanga haijaisha. Kwetu si siku arobaini. Kwetu ni sitini."

"Sitini?" akasema Mukuna. "Tata, mi sijapata kusikia."

"Weye ni wa Mutshatsha?"

"Hapana."

"Basi."

Neno la mjomba kwenye matanga halipingwi. Chifu wa avenue akaikunja hotuba yake, akaiweka mfukoni kwa siku ishirini. Kuku akachinjwa, akaliwa.

Usiniulize Mukuna alisikia kiasi gani pale ukutani. Kesho yake asubuhi nilimkuta ndani ya bustani, amechuchumaa kwenye tuta la tisa. Alikuwa na kijiti na kipande cha mkaa. Nilikuwa nimeweka kibao pale kuandika aina ya kabichi na tarehe. Alikuwa amekigeuza, na upande wa pili ameandika STANY.

"Ile mambo ya betri," akasema bila kunitazama, "ilikuwa Stany. Si Beya. Stany alibakia kule chini."

"Pole, Mukuna."

"Unaweza kumupatia na yeye ile ya kuku?"

Nikampa ndoo nzima. Baada ya siku mbili tuta la tatu lilikuwa na jina la kaka wa mama mmoja wa kwaya, na la tano lilikuwa na majina mawili yaliyogombania nafasi, hadi ikabidi nichore mpaka kwa kamba. Wiki ile sikuwa na kibao hata kimoja kilichobaki na jina la kabichi. Walioandika majina walikuja asubuhi, walikuja jioni, wakavunja mabonge ya udongo kwa vidole, wakawatukana wadudu kwa majina ya wakubwa wao wa kazini. Mitarimbo ilirudi pia, lakini ilisimikwa pembeni ikafungiwa seng'enge, kwa sababu mbuzi wa jirani hawakuwa na heshima kwa wafu.

Siku ya sitini Mama Jeanne alishuka tutani na kisu. Alikata kabichi moja ya ukingo wa tuta la saba, kubwa kama kichwa cha ndama. Aliipika kwa nyanya na mafuta ya mawese, mbele ya watu wote, akamega bukari. Alichovya. Akatafuna muda mrefu, kama anayesoma barua.

"Inakosa chumvi," akasema.

Mukuna ndiye aliyekimbia kuleta chumvi.

Tata Kalenga alikuwa amerudi kutoka Mutshatsha kwa siku hiyo. Alifunga kabichi mbili nyuma ya baiskeli, pale alipokuwa kuku, akaligusa tuta kwa kiganja, akasema atakuja tena mvua zikianza. Watu walikula wakiwa wamekaa kati ya matuta, kila mmoja karibu na wake. Mama Jeanne alikusanya sahani, akapita karibu nami akiwa ametazama matawi ya mchikichi, ambayo sasa yalikuwa makavu na ya rangi ya kahawia.

"Agronome," akasema, "shu ikiisha tunapanda nini?"

"Maharagwe, Mama. Yanarudisha nguvu ya udongo."

"Vizuri." Akafikiri kidogo. "Na atakufa nani?"