Kombe la Bega Lilivyonichongea

Ulimi wangu nimeulinda tangu utotoni. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtu anayetaka habari isiyotiwa chumvi aje kwangu. Lakini sikuwahi kufundishwa popote kwamba bega nalo laweza kusema uongo. Kwa hiyo, kwa miezi minne mizima, niliacha bega langu la kulia liseme lipendavyo.

Nafanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa kamba. Uani tuna kamba nane za waya, na kila shuka huanikwa na watu wawili: huyu ashike ncha hizi, yule zile, tukung'ute mara moja, tuirushe juu, tubane. Mwenzangu ni Mama Pacha. Tumeanika pamoja miaka kumi na mmoja, na hewa ya pale, na jua, na zile nyimbo za ibada ninazoziimba chini chini huku mashuka yakipigwa na upepo, sizibadilishi kwa kiti chochote.

Bega lilianza kwa maumivu. Nikilalia upande wake, naamka. Baadaye maumivu yakapungua, nikamshukuru Mungu mapema mno, maana mkono ukaanza kugoma. Niliuinua ukafika kifuani, ukakwama hapo hapo kama droo iliyozuiwa na kijiko. Kuchana nywele nikahamia mkono wa kushoto, njia kichwani ikawa inapinda. Kwenye ibada wenzangu wakiinua mikono miwili, mimi nikainua mmoja, mpaka jirani yangu wa benchi akaninong'oneza:

"Mama, umegombana na Mungu nusu nusu?"

Kazini nilificha. Mama Pacha alijua, lakini Mama Pacha hata umchome na pasi hatamki siri. Shuka ilipofika wakati wa kurushwa, yeye aliivuta kwa nguvu za watu wawili, mimi nikaisindikiza kwa mkono wa kushoto na kelele nyingi.

Mtauliza nilificha ya nini, maana hakuna aliyekuwa anafukuzwa kazi. Mwenye bega bovu alikuwa anahamishiwa stoo tu, akae kwenye kiti, agawe sabuni na vibanio. Shida ilikuwa kwamba mkuu wa stoo alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu.

Wifi alipelekwa stoo miaka miwili nyuma, kwa bega lake yeye. Tunakaa nyumba moja. Asubuhi ananiambia chai yangu ni nyepesi, jioni ananiambia mlango niliufunga kwa kishindo. Nilikuwa na saa nane tu kwa siku za kuwa mbali naye, na saa hizo zilikuwa pale kwenye kamba. Nikizipoteza hizo, ningebaki na saa za kulala peke yake, na hata humo anakoroma.

Sasa huyo huyo wifi ndiye aliyeniona njia ya nywele inapinda. Alikwenda kwa msimamizi wetu, tunayemwita Bwana Pasi kwa sababu mikunjo ya suruali yake inaweza kukata mkate, akamwambia kuna mtu kwenye kamba anaanika kwa mdomo.

Bwana Pasi akatangaza: Jumatano atakuja daktari wa viungo, kila mwenye kazi ya mikono atapimwa mabega.

Nilikuwa na siku mbili. Nikasali, kisha nikafanya mazoezi ya udanganyifu mbele ya kioo. Niliomba msamaha kabla, kwa kuokoa muda. Niligundua kwamba nikilipandisha bega lote hadi karibu na sikio, na kiwiliwili nikakilaza kidogo upande wa kushoto, mkono unaonekana umefika mbali. Ukitazama kwa haraka ungesema mzima. Wifi alipita, akanikuta nimepinda kama mti wa barabarani.

"Unafanya nini, wifi?"

"Najitazama."

Na ni kweli nilikuwa najitazama.

Jumatano ikafika. Daktari alikuwa binti mdogo kuliko nilivyotarajia, viatu vyepesi, na kwenye mkoba ana mifupa ya bega ya plastiki iliyoshikanishwa kwa nyaya. Alituweka kwenye chumba cha kukunjia nguo. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, nami nikajipanga wa mwisho makusudi, nisimame penye kuona. Nikayashika maagizo yake yote: inua mikono kwa pembeni; weka viganja kisogoni; peleka mkono mgongoni kama unafunga gauni; nisukume. Mama Pacha alimsukuma mpaka daktari akakaa juu ya kikapu cha foronya.

Ikawa zamu yangu. Bwana Pasi alisimama mlangoni na karatasi zake, na wifi, ambaye hakuitwa, akawa amepata kazi ya ghafla ya kuhesabu taulo mle mle ndani.

"Mama, una tatizo lolote la bega?" daktari akauliza.

Hapo nikauangalia ulimi wangu. "Mwanangu, umri huu nani hana lake?"

Akacheka. "Haya, inua."

Nikainua. Bega likapanda sikioni, mwili ukalala kushoto, mkono ukafika mahali pazuri tu. Bwana Pasi akatikisa kichwa kukubali. Nikamwona wifi ameacha kuhesabu.

Daktari alizunguka nyuma yangu. "Sasa tulia, mama. Usiinue wewe. Nitainua mimi." Kabla hajainua, akabonyeza mgongoni kwangu kwa mkono wake mwingine, pale kwenye pembe ya chini ya kombe la bega, ule mfupa bapa kama kisahani. Akaukandamiza usisogee. Kisha akauchukua mkono wangu, akaupandisha.

Haukwenda popote. Ulifika kifuani, tak, ukagoma.

"Aha," akasema. "Kombe, nimekukamata. Wewe ndiye uliyekuwa unafanya kazi ya wenzako."

Akanigeuza, akanionyesha ile mifupa ya plastiki. Bega, akasema, ni mpira uliowekwa juu ya kisahani kidogo kisicho na kina. Ndiyo maana linaweza kuzunguka kuliko kiungo kingine chochote. Misuli minne midogo inatoka kwenye kombe, inaukumbatia ule mpira usitoke, na juu yake msuli mkubwa wa bega ndio unaonyanyua mkono. Katika mtu mzima mpira unazunguka na kombe linaufuata nyuma, vinakwenda pamoja. Kwangu mimi mpira ulikuwa haugeuki kabisa, kombe likawa linabeba mkono mzima mgongoni.

"Kuna kifuko kinachozunguka kiungo," akasema. "Chako kimesinyaa. Wewe unafua, utanielewa: ni kama kwapa la gauni la sufu lililotiwa maji ya moto. Misuli yako haina kosa. Ila hata nikikuvuta mimi, hata tukikuvuta wote, halipandi, kwa sababu gauni limebana."

"Na litaachia?"

"Litaachia. Kwa miezi, pengine mwaka na zaidi. Kwa kunyoosha pole pole kila siku. Si kwa kurusha mashuka."

Machozi yalinikaribia. Bwana Pasi akaandika. "Stoo, basi."

"Karibu sana, wifi yangu," wifi akasema kutoka kwenye taulo, na sauti yake ilikuwa tamu kama asali ya kwenye tangazo. "Nitakufundisha kuhesabu vibanio. Kuna watu hawajui."

Daktari akageuka. "Wewe ndiye wa stoo? Karatasi yako ninayo hapa. Bega la kulia, miaka miwili. Una tatizo gani hasa?"

Wifi naye alikuwa amesikiliza yote, na nikamwona usoni anachagua. Angeweza kusema ugonjwa wowote. Lakini langu lilikuwa limeshakubaliwa pale pale, limeandikwa, lina muhuri wa daktari. Akaona achukue hilo hilo.

"Langu ni kama la wifi yangu," akasema kwa kuugua. "La kwangu tena limezidi. Limesinyaa kabisa."

"Inua nione."

Akainua. Mkono ukafika kifuani, ukatetemeka kwa ustadi, ukaishia hapo. Hata alinishinda kwa uso wa maumivu.

"Pole," daktari akasema. "Basi tulia, nikuinulie mimi."

Nadhani hapo ndipo wifi alipokosea hesabu. Alikuwa amenitazama nyumbani nikiinua mwenyewe na kukwama kifuani, akajifunza vizuri. Alipofika mahali pa kuinuliwa na mtu mwingine, akafikiri kazi yake imekwisha, akalegea kama mgonjwa anavyopaswa kulegea. Daktari akakandamiza kombe, akaushika mkono, na mkono ule ukapanda. Ukapita kifua, ukafika usawa wa bega; daktari akaliachia kombe, ukaenda mpaka ukagusa sikio, laini kama mlango uliopakwa mafuta. Akakunja kiwiko, akakibana ubavuni, akaugeuza mkono kwa nje: ukafunguka mpaka mwisho. Wangu, alipoujaribu hivyo, haukusogea hata kidole kimoja.

Mama Pacha mlangoni akajiziba mdomo kwa foronya.

"Kifuko hiki hakijasinyaa," daktari akasema. "Labda basi ni msuli umechanika. Nitauachia mkono ukiwa juu. Kama msuli umechanika, utaanguka."

Akauachia. Wifi, kwa kuwa hakuwa amesomea ugonjwa huo, hakujua aangushe au asiangushe. Akabaki ameunyoosha juu vile vile kama mtoto anayejua jibu darasani. Akauangalia. Sote tukauangalia. Ndipo akaushusha, pole pole, kwa heshima.

Bwana Pasi akasafisha koo. Akanigeukia mimi, na nilijua kwa nini: kila mtu pale anajua nilivyo na ulimi.

"Mama. Mnakaa nyumba moja. Huyu dada mkono wake unapanda au haupandi?"

Wifi akanitazama. Jicho lile lilikuwa la kaka yake, sawasawa, na kwa kweli moyo ulinigusa. Ningeweza kusema sijui. Lakini kuanzia asubuhi hiyo bega langu lilikuwa limeshatumia uongo wote wa nyumba yetu, haukubaki wa kumpa.

"Juzi," nikasema, "alishusha sanduku la nguo kutoka juu ya kabati. Lilikuwa limejaa."

"Wifi! Unaniuza?"

"Nimeulizwa, nimejibu. Na ulilirudisha."

Jumatatu wifi alianza kazi kwenye kamba, akiwa na Mama Pacha. Mimi nikaingia stoo peke yangu, kwenye kiti, na ukuta mzuri mweupe. Kila saa nasimama mbele ya ukuta huo, naweka vidole, navipandisha kama buibui mpaka bega linaponiambia basi. Hapo natia alama ndogo kwa penseli. Silipandishi sikioni. Daktari amesema nikidanganya ukuta namdanganya nani, nami nimeona ana haki.

Dirishani naona uani. Wifi anarusha shuka vizuri mno, wacha nimpe sifa yake: mikono mirefu, kombe na mpira vinakwenda pamoja kama alivyosema binti yule. Mama Pacha anasema hajawahi kupata mwenzake wa kumrahisishia kazi hivyo.

Saa nne alikuja dirishani, jasho linamtoka, akanyoosha mkono ndani.

"Vibanio."

"Vingapi, wifi?"

"Vingapi, vingapi! Vyovyote!"

"Stoo hatugawi vyovyote," nikamwambia. "Utaratibu uliuweka wewe."

Akasimama hapo kwenye jua. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, nami nikawa naitikia kila namba, taratibu, mpaka thelathini na mbili.