Kizimba cha Meneja

Jumamosi asubuhi fundi miwani alisogeza meza ya jikoni pembeni, akalilaza sakafuni kabati la vioo ambalo zamani lilikuwa dukani kwake la kuonyeshea fremu, akaanza kung'oa rafu zake. Alitaka kuligeuza kizimba. Kando yake, ndani ya ndoo ya plastiki, alilala hamsta: mnyama mdogo wa jamii ya panya, mnene, mwenye kijimkia kisichofika popote na mashavu yanayobeba chakula kama mifuko ya koti. Watoto wa chekechea walimwita Meneja, kwa sababu mchana kutwa alikuwa usingizini na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Meneja hakuwa wao. Mke wa fundi alifundisha kwenye chekechea hiyo, na siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alimkabidhi mnyama pamoja na onyo.

"Arudi hai," alisema mwalimu mkuu, "na arudi huyuhuyu. Likizo iliyopita alirudi mwingine mwenye rangi tofauti, watoto wakanihoji mpaka nikakosa pa kuficha uso."

Tundu lake la zamani lilikuwa limeliwa na kutu, ndiyo maana kabati likang'olewa rafu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chumba kimoja cha kulala, sebule, jiko, bafu na korido nyembamba ya kuviunganisha. Dada yake fundi, ambaye wote walimwita Dada Mkubwa, alilala sebuleni kwenye kochi. Alikuja na begi moja baada ya msiba wa mumewe, akae kidogo wakati jambo lake likitengenezwa. Jambo lenyewe lilikuwa hili: shemeji yake, mdogo wa marehemu, alichukua funguo za nyumba yao siku ya mazishi ili azitunze, kisha akahamia humo na familia yake ili aitunze vizuri zaidi. Fundi alimwahidi dada yake kwamba atalifuatilia. Tangu hapo alikuwa akilifuatilia moyoni.

Dada Mkubwa aliamka kabla ya watu, akakunja shuka na kuzisokomeza kwenye begi, hata mgeni akibisha mapema hakuona dalili kwamba mtu amelala pale. Alikuwa na ulimi mwepesi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alipenda kusema. "Mimi jembe nimelima mpaka mpini umeota majani."

Fundi alikwenda kwa mama mmoja anayeuza vyakula vya mifugo, akamuuliza hamsta anatunzwaje. Yule mama alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mizani. Aliporudi, fundi aliwaeleza wenzake kama alivyoambiwa.

"Huyu hataki upepo wa mlangoni. Hataki jua la moja kwa moja, wala kelele. Anataka mahali pake peke yake, pa kuchimba na pa kujificha, na akilala asibughudhiwe. Akikosa hayo anakonda, halafu anakufa kwa mawazo."

Dada Mkubwa alikuwa amekaa chini akichambua maranda ya mbao aliyoyachukua kwa seremala, akitoa vijiti vyenye ncha visije vikamchoma mnyama.

"Maskini," alisema. "Kwa mawazo."

Pembe pekee isiyopigwa na upepo wala jua ilikuwa ile yenye kochi. Watatu wote waliitazama. Mke wa fundi akatazama vidole vyake vya miguu.

"Wifi, ni kwa likizo tu," alisema.

"Kwani nimesema kitu?" alijibu Dada Mkubwa, akashika upande mmoja wa kochi. Walilihamishia koridoni, kati ya jiko na bafu. Kuanzia siku hiyo aliyebanwa na haja usiku ilimbidi ainue mguu kuvuka miguu ya Dada Mkubwa.

Kizimba kilitoka vizuri. Sakafu ilikuwa ya ubao, maana waya ungemuumiza Meneja nyayo. Mbele kulikuwa na wavu wa matundu membamba asiweze kupenyeza kichwa. Gurudumu la kukimbilia halikuwa na nafasi za kunasa mguu. Chupa ya maji ilining'inia kichwa chini ikidondosha tone pale tu ulimi unapoigusa. Kijumba cha kujifichia kilikuwa cha mbao tupu, bila msumari wala rangi, kwa kuwa angekitafuna. Maranda yalijazwa mengi, ya kuchimbika. Mlango ulikuwa wa kupitisha mkono tu.

Meneja alitolewa ndooni akawekwa ndani. Alinusa, akajaza mashavu, akachimba kidogo, kisha akaanza kutembea kuelekea ukuta wa nyuma. Alitembea mpaka wao wakaketi kula chakula cha mchana. Walipomaliza alikuwa bado anatembea, amekuwa mdogo kama punje ya dengu, mara akawa nukta. Alirudi alasiri, amechoka, na mashavuni alikuwa na mbegu za nyasi ambazo hakuna aliyemwekea.

Fundi alichukua tepu ya kupimia. Kwa nje kizimba kilikuwa vilevile. Alipoingiza tepu kwa ndani ilikwenda hadi ikaisha, na haikugusa kitu. Alivua miwani, akaifuta, akavaa, akapima tena. Kazi yake ilikuwa vipimo, na kipimo kisichokubali kilimkosesha raha.

"Sielewi," alisema.

"Nini?" aliuliza mkewe, ambaye alikuwa akifua.

"Ndani kumezidi nje."

"Si yule mama alisema kisiwe kidogo?"

"Alisema."

"Basi."

Fundi alikubali, lakini akili haikutulia. Alihisi kuna agizo moja alilopewa pale kwenye mizani akalisahau njiani, na kila alipolitafuta alikutana na yaleyale: upepo, jua, kelele, mawazo.

Siku ya kubadilisha maranda machafu ilipofika, mkono wake haukufika yalipo. Dada Mkubwa alivua kandambili, akaingiza kichwa mlangoni, halafu bega, na sehemu yake iliyobaki ikafuata kama uzi kwenye tundu la sindano. Alirudi wakati wa chai na furushi la maranda kichwani. Miguu yake ilikuwa imelowa umande.

"Kuna hewa huko," alisema, akijimiminia chai. "Na kuna mahali pameinuka kidogo, maji hayawezi kutuama."

"Joto je?" aliuliza wifi yake.

"La kadiri."

"Lakini Dada," alisema fundi, "umepitaje?"

Dada Mkubwa alifikiri. "Nimeinama," alisema.

Baada ya hapo alikuwa akiingia hata pasipo uchafu. Asubuhi moja hakutoka. Aliita kutoka ndani, sauti yake ikasikika kama ya mtu aliye ng'ambo ya uwanja, akaomba apitishiwe begi lake. Siku iliyofuata aliomba godoro la akiba lililokuwa chini ya kitanda chao, na sufuria, na kile kitanda cha chuma kilichokuwa kikipata mvua uani. Fundi alivisukuma kimoja kimoja kwenye ule mlango wa kupitisha mkono, vikapita. Alipotaka kumsaidia dada yake kukiunga kitanda, mkono wake mwenyewe ulikwama kwenye kifundo. Mkewe ilibidi aupake mafuta ya kupikia na kumvuta kwa kiuno.

"Kitanda kimepita," fundi alisema akijisugua. "Mkono wangu umekwama. Tena mkono ndio niliopimia mlango."

"Usilazimishe, mdogo wangu," Dada Mkubwa aliita. "Utavunja kizimba cha watu."

Kochi lilirudishwa sebuleni, likawekwa mkabala na kizimba. Mke wa fundi alilipangia mito. Alipoketi, springi iliyokatika ilimchoma ubavuni. Alisogea, ikamchoma mumewe.

"Imeanza lini hii?" aliuliza mkewe.

"Sijui. Dada hakuwahi kusema."

"Hakuwahi," mkewe alisema. Wakakaa ukingoni, kila mmoja upande wake.

Jioni moja, kabla ya chakula, Dada Mkubwa alikuja mpaka kwenye wavu. "Mdogo wangu, naomba komeo."

"Lipo, Dada. Nimeliweka kwa nje, Meneja asitoroke."

"La ndani."

"La ndani la nini? Hamsta hajui kufunga komeo."

"Mimi najua."

Fundi alipitisha komeo, skrubu na bisibisi. Alichuchumaa akamsikiliza akilifunga mwenyewe kwa subira. Halafu ikasikika sauti ya komeo likisukumwa, likavutwa, likasukumwa tena, mara nyingi kuliko inavyohitajika kulijaribu komeo jipya. Fundi alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kulikuwa na jambo alitaka kulisema, lakini hakulijua ni lipi, na alikuwa na wasiwasi kwamba dada yake analijua.

"Nikitaka kukuona?" aliuliza hatimaye.

"Piga hodi."

Kesho yake akapiga hodi sebuleni kwake mwenyewe.

"Nani?"

"Mimi."

"Ngoja nivae."

Alingoja. Jua lilikuwa limeshapanda, na Dada Mkubwa alikuwa bado kitandani. Ndani ya nyumba watu walitembea kwa kunyata. Mke wa fundi alipunguza redio bila kuambiwa, kwa ajili ya Meneja, ambaye siku hizo alilala miguuni pa Dada Mkubwa na alikuwa ameongezeka uzito.

Jumapili moja mchana shemeji alikuja kuwatembelea. Alikuwa muuza matairi, mtu mwenye salamu nyingi, na alileta machungwa mfuko mzima. Aliketi kwenye kochi, akachomwa na springi, akahamia ukingoni. Baada ya kuulizana hali aliinama mbele ya kizimba.

"Hodi, shemeji."

"Karibu," alijibu Dada Mkubwa. Hakufungua. "Za nyumbani kwangu?"

"Nzuri. Tumepaka rangi."

"Ipi?"

"Ya maziwa."

"Ile ya bluu marehemu aliipaka kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyemshikia ngazi."

"Ilikuwa imechakaa, shemeji."

Gurudumu lilizunguka kidogo peke yake, likasimama.

"Na mlango wa nyuma?" Dada Mkubwa aliuliza. "Mvua ikinyesha bado unagoma?"

"Unagoma sana. Umetushinda."

"Uunyanyue kidogo ndipo usukume. Usiupige teke."

"Ahsante, shemeji."

Alisogeza jicho karibu na wavu, akaangalia huku na huku kama mtu anayekagua kiwanja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Pazuri," alimwambia fundi. "Pana nafasi, pana utulivu. Watu wanabanana watano chumba kimoja, nyinyi mmemjengea dada yenu. Mmefanya jambo la maana."

Mke wa fundi alichukua chungwa, akaanza kulimenya.

Fundi alimsindikiza mgeni mpaka getini. Njiani shemeji alimshika bega. Alisema kwamba kwa kweli alikuwa hana amani, maana watu hawakosi la kusema, na ndugu ni ndugu. Fundi alikuwa akiwaza kifundo cha mkono wake. Alikuwa akijiuliza inakuwaje kitanda cha chuma kipite na yeye akwame, na kama yule mama wa mizani angeweza kumweleza.

"Kwa hiyo maadamu sasa ana kwake," shemeji alikuwa akisema, "lile suala la nyumba tuseme limekwisha. Au vipi?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema fundi.

Shemeji aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili, akauminya, akaondoka kwa mwendo wa haraka.

Fundi alibaki getini. Alikuwa na hisia kwamba ameulizwa kitu. Aliyapitia mazungumzo yote tangu machungwa yalipotua mezani hadi kupeana mikono. Pale ambapo palipaswa kuwa na swali alikuta sauti yake mwenyewe tu, ikisema ndiyo mara mbili. Alifikiria kumkimbilia. Shemeji alikuwa ameshakata kona. Na hata kama angemkuta, angemwambia nini? Kwamba nirudishie ndiyo yangu?

Aliporudi ndani mkewe alikuwa bado na chungwa lilelile mkononi, limemenywa lote, halijaliwa.

"Wifi amekwenda kuepua sufuria," alisema. "Anasema anakuja sasa hivi umwambie mmezungumza nini huko nje."

Fundi alichuchumaa mbele ya wavu. Mbali, kule kulikoinuka, aliliona umbo dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho likishuka. Lilikuwa linakuja bila pupa, na nyuma yake nukta moja ikilifuata, ambayo bila shaka ilikuwa Meneja. Fundi aliupima umbali kwa jicho. Kwa mwendo ule dada yake angefika mlangoni kabla jua halijazama.

"Utamwambia nini?" aliuliza mkewe.

Fundi aliitungua chupa ya maji kwenye wavu. Ilikuwa imejaa. Akaenda nayo jikoni, akaimwaga yote, akafungua bomba na kuanza kuijaza upya, taratibu.