Doa la Shangazi

Muuza kamera alikuwa na kasoro moja: hakutaka kuuza. Fundi cherehani aliiona kasoro hiyo dakika ya kwanza, akakaa chonjo.

Aliingia dukani anachechemea, gongo mkono mmoja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa sababu huivua akienda kulala tu. Akanyoosha kidole kwenye kamera kubwa kuliko zote zilizopangwa ndani ya kabati la kioo.

"Nipe ile."

"Ya kupigia nini, mama?"

Swali gani hilo? Yeye mteja akimletea kitambaa cha suruali hamuulizi anakwenda kuivalia wapi. "Vyura," alijibu, akamkazia macho aone atacheka namna gani.

Hakucheka. Na hilo nalo Fundi hakulipenda, maana tangu aanze kufuga vyura hajapata kukutana na mtu asiyecheka. Muuza kamera alipandisha miwani juu ya kipara chake, akauliza wana ukubwa gani, wanakaa wapi, wametulia au ni wa kurukaruka. Fundi akamjibu kwa mkato. Wako wanne, wa kijani, mkubwa wao anajaa kiganja. Wanaishi kwenye tangi la kioo, chumba cha kushonea. Anataka picha ya koo, kila doa lionekane, kila kipele.

"Basi ile usinunue," alisema yule bwana. "Utakuwa umenunua mwili bila macho. Kinachokuza kitu kidogo ni lenzi. Chukua kamera ya kawaida, hata iliyotumika, halafu nguvu zako zote uziweke kwenye lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu."

Iliyotumika! Fundi alijisemea, haya, tumefika. "Iliyotumika na nani?"

"Mpiga picha za harusi. Siku hizi anafanya video."

"Kwa nini ameiuza?"

"Si nimekwambia, anafanya video."

"Na wewe ukamwamini."

Hapo ndipo muuza kamera alipocheka, lakini taratibu, huku akitoa lenzi mbili kwenye droo na kuzilaza juu ya kitambaa. Moja fupi, moja ndefu. Ile fupi, alieleza, itamlazimu amsogelee chura mpaka chura ahisi pumzi yake puani. Ile ndefu itamruhusu akae mbali kidogo, chura asishtuke, na doa litoke kubwa vilevile. Kama ndefu inamlemea, ziko pete: unazitia kati ya kamera na lenzi yoyote uliyonayo, nayo inaanza kuona vitu vya karibu.

Fundi aliinua pete moja, akaisogeza jichoni, akamwona muuza kamera upande wa pili bila kizuizi chochote. Akapitisha kidole. Kikatokea nyuma.

"Ndani hamna kioo."

"Hamna. Ndivyo zilivyo, ni uwazi tu."

"Yaani unaniuzia uwazi?"

Akaondoka bila kununua kitu, ila aliambiwa jambo moja lililomkera usiku kucha: amlete huyo chura dukani, wajaribu lenzi kabla hajatoa hata senti. Muuzaji gani anataka ujaribu kwanza? Ana nini na chura wake?

Angekuwa mtu mwingine angesema basi, picha ya chura si jambo la kuvunjia kichwa. Lakini Fundi hakutaka pambo la ukutani. Alitaka ushahidi.

Miezi minne nyuma aliteleza kwenye ngazi, akavunjika mguu, akalazwa wiki tatu akiwa ametiwa vyuma. Simu ilianguka naye, kamera zake zikapasuka. Ikabaki ya kupigia tu na kutazamia picha za zamani. Aliyekuwa akija nyumbani kuwalisha vyura ni mdogo wake, mwoka mikate, ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye duniani. Kila jioni Fundi alimpigia kutoka kitandani: wazima wote? Na kila jioni mdogo wake alijibu: wazima, dada.

Siku aliyoruhusiwa, kabla hata hajaketi, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Shangazi, mkubwa wa vyura wote, alikuwa amejibandika kwenye kioo, na Pindo, mdogo wao, kando yake. Chini ya koo la Shangazi kulikuwa na lile doa jeusi lake. Ila kwenye picha ya simuni doa lilikuwa kushoto, na sasa liko kulia. Fundi alitazama simu, akatazama kioo, akatazama simu tena. Akageuka na kumwambia mdogo wake neno moja: "Umenibadilishia chura."

Mdogo wake hakukana. Hakulia, hakujitetea. Alichukua mkoba wake mezani akatoka, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Sasa daktari alitaka kuvitoa vile vyuma. Jumanne ijayo, alisema, na safari hii siku kumi za kulala. Ndugu aje asaini, ndugu abaki na nyumba. Ndugu yupi? Kumwachia nyumba mtu anayekudanganya kweupe, Fundi hakuweza. Kumfuta ndugu wa mwisho kwa sababu ya doa, hilo nalo lilimnyima usingizi. Alitaka picha mbili, ya zamani na ya sasa, azilaze mbele ya mdogo wake aone atatokea wapi. Kama ni mwongo, mwisho wao umefika, na Jumanne atasainiwa na mtu baki.

Kesho yake akarudi dukani na Shangazi ndani ya bakuli la plastiki lenye matundu, amelazwa juu ya kitambaa kibichi. Mkono mmoja haukuachia bakuli hilo hata mara moja.

Muuza kamera alikuwa amejiandaa. Ameweka tangi dogo la kioo juu ya meza, stendi ya miguu mitatu mbele yake, lenzi ndefu, flashi pembeni. Fundi alimtia Shangazi kwa mikono aliyoilowesha kwanza, naye akapanda kioo akanata hapo, koo likitwetatweta, kama hana habari kwamba anashitakiwa.

Picha ya kwanza ilitoka nyeupe. Ngozi mbichi ilirudisha mwanga wote wa flashi, doa likamezwa.

"Mwanga lazima tuulainishe," alisema yule bwana, akaanza kutafuta kijimfuko cha plastiki cheupe cha kuvisha flashi. "Hiki hapa, tunakiuza na..."

"Weka chini." Fundi alikuwa amekwisha fungua mkoba. Akatoa kipande cha bitana nyeupe, akakikunja mara mbili, akakifunga kwenye flashi kwa pini mbili. Haikumchukua hata nusu dakika. Muuza kamera alikitazama, akarudisha mfuko wake drooni, na kwa mara ya kwanza Fundi akamwona kama mtu.

Picha ya pili ikatoka. Koo lote la Shangazi, kipele kimoja kimoja, na doa limekaa kulia, refu lenye kijimkia.

"Umeona?" Fundi akatoa simu. "Kulia. Sasa tazama ya zamani."

"Nipe hiyo simu niikuze."

"Simu yangu unaitakia nini? Tazama hapohapo, nimeshika mimi."

Akatazama hapohapo. Akaikuza picha kwa vidole viwili huku Fundi ameing'ang'ania simu. Ilikuwa picha nzuri: Fundi anatabasamu, Shangazi ameinuliwa karibu na kidevu chake.

"Ulipiga mwenyewe, mama?"

"Mwenyewe. Mkono mmoja chura, mkono mmoja simu, ili tutokee wote."

"Kwa kamera ya mbele."

"Sasa ningejionaje?"

Muuza kamera alisogeza picha kidogo kutoka kwenye chura, akaiacha shingoni kwa Fundi. "Nisomee namba za futi yako."

Fundi akavaa miwani. Miaka thelathini anazisoma namba zile, gizani angeweza. Akafungua mdomo asome, akaufunga. Namba zilikuwa zimempa mgongo. Mbili inatazama huku, tatu inatazama kule, zote kinyumenyume.

"Simu nyingine zikipiga kwa mbele, picha inabaki kama uliyoiona kwenye kioo," alisema yule bwana kwa upole. "Kulia kunakuwa kushoto." Akagusa mahali, picha ikageuka, namba za futi zikakaa sawa. Akailaza simu, na mkono wa Fundi juu yake, kando ya kamera. Doa lilelile. Kijimkia kilekile.

"Umeichezea simu yangu," alisema Fundi, lakini sauti haikuwa na nguvu.

"Kioo kile pale ukutani. Kajitazame."

Alikwenda. Akasimama mbele ya kioo na futi yake shingoni, akazisoma zile namba zilizogeuka, na aibu ikampanda kutoka unyayoni mpaka kwenye nywele. Yeye! Yeye anayewagombeza wanafunzi wake kila mwaka kwa kosa hilohilo: umekata mikono miwili ya upande mmoja kwa sababu hukugeuza kitambaa. Amewafukuza watu kwa hilo. Na sasa yeye amemkata ndugu yake vivyo hivyo.

Alinunua kamera iliyotumika, lenzi ndefu na stendi. Hakuuliza swali hata moja. Muuza kamera alishangaa kuliko siku zote mbili.

Alimrudisha Shangazi nyumbani, kisha akashika njia ya kwenda kwenye tanuri la mikate, mguu ukimuuma kila hatua. Mdogo wake alikuwa uani, anagonga trei ukutani kudondosha makombo, unga mpaka kwenye nyusi. Alipomwona akaacha.

"Dada. Na mguu huo?"

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Fundi, kabla ujasiri haujamtoroka. Akamweleza yote kwa pumzi moja: picha, kamera ya mbele, futi, kioo. "Ni Shangazi wangu yuleyule. Miezi mitatu nimekuhukumu bure, na wewe umenyamaza. Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo wake aliketi polepole juu ya gunia la unga. Hakuonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Shangazi?" aliuliza. "Ulikuwa unamsema Shangazi?"

"Kwani nani?"

Ndani mtu alifungua mlango wa chuma wa tanuri, joto likawapita. Mdogo wake aliitazama mikono yake.

"Mimi nilijua unamsema Pindo."

Fundi alisimama hapo na gongo lake.

"Siku ya tano nilichelewa kuamka," alisema mdogo wake. "Ndoo ya maji ilikuwa haijalala usiku ule kama ulivyoniagiza. Nikawamiminia ya bomba hivyohivyo, dawa yake ya klorini haijatoka. Nikasema siku moja tu. Nilipokuja asubuhi yake Pindo yuko tumbo juu. Nilizunguka maduka manne ya samaki wa kufuga na picha yake mkononi, mpaka nikapata wa kufanana."

"Na jioni nilipokuwa nikikuuliza..."

"Siku tano za kwanza nilikuwa nasema kweli."

Hasira ilikuja, ilikuwa haki yake nayo ikaja. Lakini nyuma yake kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Miezi mitatu amemlisha chura wa watu akimwita Pindo. Amewaambia wateja kwamba anawajua vyura wake kama anavyojua mabega yao. Hata sasa, akijaribu kukumbuka, hakuona alama moja ya kumtofautisha aliyekufa na aliyepo.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umelala, mguu umening'inizwa juu. Ulikuwa huna kingine cha kuulizia." Mdogo wake akajifuta uso, akazidi kujipaka unga. "Halafu ukarudi, hata hujakaa, ukasema umebadilishiwa. Nikajisemea, huyu dada yangu hapitwi na kitu. Nimeona haya kukutazama tangu siku ile."

Trei ilianguka mahali fulani ndani, mtu akatukana, mwingine akacheka.

"Jumanne wananitoa vyuma," alisema Fundi.

"Najua."

"Siku kumi. Nitapiga simu kila jioni."

"Najua, dada."

"Ukiniambia wazima, nitajuaje?"

Mdogo wake alifikiri. Alifikiri kweli, paji la uso limekunjamana, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni na kuendelea kukikosa.

"Hutajua," alisema.

Fundi alimtazama usoni muda mrefu. Lilikuwa jibu la kwanza, tangu wiki zile za hospitali, ambalo hakulitilia shaka hata kidogo.

"Haya," alisema. "Jumanne uje."