Ndoo Chini ya Blanketi la Tlelima

La, hakuja usiku kama mchawi. Tlelima alirudi mchana kweupe, Jumapili, mkewe Mamotena ametoka kanisani na sufuria haina tone la maji. Kafikaje? Kapanda mlima kwa miguu, kama Msotho yeyote.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Watu wa bwawa, wale waliokuja kuziba mto bondeni kwetu, walipotuhamisha, walihamisha na makaburi, ila yenye saruji tu. Sisi kaburi tunalipangia mawe tangu enzi za babu. Wao wakasema haya ni mawe tu, wakaondoka. Maji yakamfunika Tlelima kaburini mwake, pamoja na shamba lake. Na maji yenyewe yanakwenda mjini, nchi ya watu, yanapita kwenye handaki chini ya nyumba zetu. Ukilaza sikio sakafuni unayasikia. Bomba letu linakohoa tu.

Sasa asubuhi ile mchungaji Sekhonyana alisoma Ezekieli, pale Mungu anapoahidi kufungua makaburi na kuwarudisha watu kwenye nchi yao. Akasema nchi hiyo ni mbinguni, tuvumilie.

Mamotena akainuka. “Mbingu imeingiaje hapo, mchungaji? Imeandikwa nchi yao. Yangu naijua, nimeilima mtama.”

“Kaa chini, mama.”

“Nimekaa vya kutosha!”

Basi ndipo akarudi nyumbani, na Tlelima huyo mlangoni, mifupa imevaa nyama upya, blanketi alilozikwa nalo linachuruzika maji.

“Umechelewa,” Mamotena akamwambia.

“Njia wameibadilisha. Shamba letu liko wapi?”

“Si huko huko ulikotoka, chini ya maji.”

Mamotena akasukuma ndoo chini ya blanketi. Ikajaa, akaweka nyingine. Majirani nao wakaja na ndoo zao, wakapanga foleni. Mmoja akalalamika eti yananuka tope.

Mchungaji akafika mbio. “Haleluya! Unabii umetimia!”

“Nusu,” Tlelima akasema. “Mungu kafungua kaburi, kamaliza yake. Nchi kaichukua nani?”

Mchungaji akaikodolea kofia yake. “Hayo ni ya watu wa bwawa, mzee wangu.”

“Kumbe unawajua!” Mamotena akadakia. “Basi kawahubirie wao huo uvumilivu. Sisi tumeshiba.”

Hakuna aliyekwenda kwa watu wa bwawa. Mamotena akachemsha maji ya mumewe, akasonga ugali, akachuma mboga. Chini ya sakafu maji yalinguruma, yakielekea mjini. Mchungaji akanawishwa mikono kwa maji ya blanketi, akasogea, Tlelima akampisha nafasi, na wote wakakaa kula.