Sauti ya Mwinyihaji Ukumbini

"Barke, ati mtu aweza kusalia ndani ya kompyuta?" Jirani yangu Mbeyu aliniuliza hivyo mwezi wa pili wa eda yangu, akinichambulia mchicha.

"Mtu harudi," nikamjibu. "Mimi naitaka sauti yake tu."

Mume wangu Mwinyihaji alikuwa akishona viatu vya ngozi karakanani Bombolulu. Alifia kazini, nami niko Timbwani nyumbani. Neno lake la mwisho sikulisikia. Philister wa ofisini kwao ndiye aliyeniambia kuwa mwaka ule, tisini na tisa, walimpiga filamu fupi wakaitia kwenye slaidi za kompyuta za kuonyesha wageni. Mwanamke wa eda hatoki, na kompyuta ya ofisi haitoki. Basi Philister akaazima nyingine kwa nduguye, akazinakili slaidi humo, ikaja kwa mkokoteni, imefunikwa shuka kama bibi harusi.

Shemegi Ghalib, kaka wa marehemu, akaja juu. "Picha ya marehemu itembee kwenye nyumba ya eda? Wallahi mimi sikubali!" Akaketi mlangoni kuilinda nyumba. Mimi nikakaa nyuma ya pazia la ukumbi, nikichungulia.

Slaidi zilifunguka, lakini pa Mwinyihaji palikuwa na kisanduku cheupe. Philister akabonyeza weee.

"Bi Barke, nisamehe. Filamu imebaki Bombolulu. Slaidi inajua tu pale filamu ilipowekwa kule."

Nikaona ni kama kuletewa bahasha yenye anwani, barua hamna. Usiku wa siku zile nilimwota Mwinyihaji ng'ambo ya kivuko, anafungua kinywa, upepo unayachukua maneno. Nikiamka namwombea, kisha nasubiri.

Ijumaa baada ya swala Philister akarudi na sidii yenye ile filamu. Akaweka filamu na slaidi mahali pamoja, akaielekeza slaidi upya, akabonyeza. Kisanduku kikawa cheusi tititi.

"Lo! Kompyuta hii haina programu ya kusoma picha za namna hii."

"Afadhali," akasema Ghalib.

Ndipo gizani mle, bila uso, bila mikono, akasema mume wangu: "Philister, sogea, wanizibia mwanga." Nyundo ikagonga mara mbili. "Hivi ni vya kakangu Ghalib. Dukani hapati vya kumtosha, miguu yake mipana kama mikate ya mofa!" Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Mbeyu, kando yangu, akaziba mdomo kwa leso. Mimi nikasema alhamdulillahi, machozi yananitoka.

"Nitaitafuta hiyo programu, Bi Barke, na picha ije," akasema Philister.

"Iache, mwanangu. Irudishe mwanzo tu."

Akairudisha. Ilipofika kwenye kicheko, Ghalib aliinuka. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa kizingitini. Akaviinamia, akavivaa polepole, kimoja kimoja, akatoka.