Swichi Mbili za Tik-Tik

Daktari alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomtisha Blandina. Angekuwa mkali, wangegombana, na katika ugomvi huenda mtu akapata nafasi. Lakini alisimama tu miguuni mwa kitanda, akamtazama Clemensi aliyelala macho wazi kuelekea darini, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kufundishwa, "Mama, tumengoja sana. Jumatatu nitapita tena. Kama hakuna dalili yoyote, afadhali umpeleke nyumbani akae na watu wake."

Akae na watu wake! Blandina hakuwa mtoto wa kudanganywa kwa peremende. Clemensi alikuwa akilishwa uji kwa mrija wa puani, na huko kwao Karatu hakuna aliyejua kazi hiyo. Kumrudisha nyumbani ni kwenda kumchimbia kaburi huku bado anapumua.

Clemensi, dereva wa watalii, alikuwa mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao. Masika ya mwaka huo wa themanini na sita, gari lilimteleza kwenye tope la mteremko wa kreta, likapinduka. Watalii walitoka na michubuko. Yeye alitolewa hana jeraha la kuonekana, akaletwa hospitali ya misheni kule Endulen, na tangu hapo hakusema neno. Macho yalifumbuka, naam, lakini mwenyewe hakuwamo.

"Mzungumzishe, dada," Nesi Eunike alimwambia siku zile za kwanza. "Mtajie mambo aliyoyapenda."

Basi Blandina akamzungumzisha. Alimpa habari za ng'ombe wa marehemu baba, mmoja mmoja. Alimtajia Evarista, yule binti wa Endabash ambaye Clemensi alitaka kumchumbia. Alimwimbia nyimbo za kanisani mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaomba jamani wapumzike. Wapi! Ni sawa na kuzungumza na gogo.

Ila asubuhi ile ile ya Ijumaa, kabla daktari hajapita, yule jirani alikuwa akikoroga chai yake kwenye kikombe cha bati, kijiko kikagonga ukingoni. Tik. Kikagonga tena. Tik. Na Blandina akaona, kwa macho yake mawili, kidole gumba na kidole cha shahada cha Clemensi vikikutana na kuzunguka kidogo, kama mtu anayeongeza sauti ya redio.

"Eunike! Njoo uone! Anacheza!"

"Ni mishipa tu, dada," Eunike akasema kwa huruma. "Mishipa hujivuta yenyewe."

"Mishipa gani? Huyu anacheza tik-tik!"

Sasa tik-tik ni nini? Kama hukukaa Karatu miaka ile huwezi kujua, na si kosa lako. Kulikuwa na mzungu mmoja, mtafiti wa fisi, aliyeishi kreta muda mrefu, na Clemensi ndiye aliyekuwa akimwendesha. Alipoondoka, mwaka wa themanini, alimwachia televisheni ndogo isiyo na rangi na kisanduku cha mchezo chenye swichi mbili za kuzungusha. Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Kwa hiyo televisheni ile haikuwa na la kuonyesha ila huo mchezo: kijiti huku, kijiti kule, na nukta nyeupe ikienda na kurudi. Unazungusha swichi, kijiti chako kinapanda na kushuka. Nukta ikigonga kijiti inalia tik. Ikikupita, mwenzako kapata bao, na wa kwanza kufika kumi na tano ndiye mshindi. Maajabu yote yaliishia hapo.

Lakini weee, Jumapili baada ya misa! Betri ya gari ikishachajiwa, chumba cha nyuma kilijaa watu mpaka mlango haufungiki. Katekista Patrisi, mtu wa heshima zake, alicheza akiwa ameuma ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Mzee Qamara alikaza macho wee, mwisho akauliza, "Mbona televisheni za wenzetu zina watu, hii yetu ina inzi peke yake?" Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kushika mbavu. Blandina hakuwa na furaha nyingi maishani, lakini hiyo alikuwa nayo, na alijua wakati ule ule kwamba ni furaha.

Mwanzoni hakujua kucheza hata kidogo. Aliifukuza ile nukta kama mtu anayefukuza kuku. Clemensi akasimama nyuma yake, akaweka kiganja chake juu ya mkono wake, wakaizungusha swichi pamoja. "Usiifukuze, dada. Ingoje. Yenyewe inakuja." Na Clemensi mwenyewe hakuna aliyemweza kwa ubishi. Hakupenda kuachiwa bao hata moja la bure, ukimwachia anakasirika. Hata akiwa amefungwa kumi na nne kwa bila, hakuiachia swichi. Alisema neno moja tu: "Bado hatujamaliza."

Ukaja mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Uvumi ulitangulia mbele ya watu. Mara fulani kakutwa na vitenge, mara fulani kaulizwa sabuni kazipata wapi. Watu walitupa chooni vitu walivyovitafuta kwa miaka. Clemensi alikuwa safarini na wageni wake, huko Ololosokwan, na Blandina amebaki na mama yao mgonjwa pamoja na kisanduku cha mzungu kisicho na risiti. Usingizi ulimpaa.

Mnadani Karatu kulikuwa na mama mmoja wa Kimasai, Naipanoi, mama yake Soila, aliyetoka pande za Endulen kuja kununua mahindi, maana kule ndani ya hifadhi kulima kulikuwa na vikwazo vyake. Alikuwa rafiki wa nyumba ile, akileta samli na kuondoka na debe. Blandina akamvuta pembeni, nyuma ya punda wake. Wakaitumbukiza televisheni na kisanduku ndani ya gunia, mahindi juu. Watu wa mgambo walikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

"Kitunze, mama Soila," Blandina akanong'ona, huku akitazama nyuma. "Tafadhali, kitunze vizuri."

"Nimesikia," Naipanoi akajibu, akamswaga punda.

Clemensi aliporudi hakugomba. "Msako ukipoa tutakifuata," akasema. Ulipoa, lakini Naipanoi alikuwa amehama na mifugo, mnadani haonekani tena, na mama yao akafariki, na kazi zikawa nyingi. Wanadamu ndivyo tulivyo, tunadhani vitu vyetu vinatungoja.

Basi mfa maji haachi kutapatapa. Jumamosi Blandina aliuliza kila aliyeingia wodini habari za Naipanoi, mpaka mzee mmoja aliyemleta mjukuu wake akasema boma la mama Soila siku hizi liko nyuma ya kile kilima. Eunike, ingawa hakuamini, alisema atamwomba dereva wa hospitali betri ya gari. Blandina akambusu mdogo wake kipajini. "Nakuletea," akamwambia. Alikwenda mbio mbio, akiteleza kwenye tope, na njiani akawa anacheka peke yake kama mwendawazimu.

"Takwenya!" Naipanoi alimsalimu kwa Kimasai, kwa kelele ya furaha, alipomwona.

"Iko," Blandina akaitikia, akaingia ndani akiwa ameinama, akaanza kuangaza macho kabla hata ya kukaa. Palepale pembeni aliliona lile ganda la televisheni. Lilikuwa limesimamishwa, tupu, halina kioo, na ndani yake vibuyu vya maziwa vimepangwa vizuri.

"Mama Soila, kisanduku changu kiko wapi?"

"Kiko!" Naipanoi akasema kwa fahari. "Soila! Kuja hapa mama yako akuone!"

Soila akaingia, msichana mrefu, shingoni amevaa shanga. Tuseme ukweli, zilikuwa nzuri. Miaka ile shanga zilikuwa haba madukani, wanawake walizitafuta kama dawa. Za Soila hazikuwa za kioo. Zilikuwa vipande vidogo vidogo vya plastiki, vyekundu, vya manjano, vya kijani, vimekatwa sawasawa kwa subira kubwa. Blandina alizitazama mpaka akazitambua. Yalikuwa maganda ya nyaya.

"Umekifungua," akasema. "Mama Soila, umekifungua?"

"Si wewe ulisema? Ulisema kitumie, mama Soila, kitumie vizuri. Mimi nikakaa nacho, nikawaza, nitatumia nini hapa? Hakina maziwa, hakina nyama. Kumbe tumboni iko shanga tupu!"

"Nilisema kitunze!"

"Ndiyo," Naipanoi akasema, bila kuelewa. "Kitumie."

Kitunze, kitumie. Mmoja Kiswahili alikipata kwa masista, mwingine alikiokota mnadani, na nyumbani kwao hakuna kati yao aliyekizungumza. Neno lilitoka mdomoni mwa huyu likiwa moja, likaingia sikioni mwa yule likiwa jingine, nyuma ya punda, kwa hofu na haraka. Nani wa kulaumiwa? Lakini Blandina hakuwa katika hali ya kuuliza hayo. Alikaa chini kwenye vumbi la samadi, akajipiga mapaja, akalia kwa sauti.

"Umemuua! Umemuua mdogo wangu!"

Naipanoi alingoja mpaka kilio kikapungua. Kisha akauliza taratibu, na Blandina akamweleza: gari, kitanda, mrija, kijiko, daktari, Jumatatu. Yule mama hakusema pole. Aliivuta shuka aliyojifunika kichwani, na hapo Blandina akaona masikio yake. Kwenye matundu mapana ya ndewe, huku moja na huku moja, zilikuwamo zile swichi mbili, nyeusi, zenye mstari mweupe wa kuonyesha zimefika wapi. Naipanoi akazitoa, akazifuta kwa ncha ya shuka, akazitia kiganjani mwa Blandina.

"Hizi hazikuvunjika," akasema. "Kesho tunakwenda wote."

Jumapili walirudi, wakafika usiku, wodi imeshafungwa. Njiani Blandina alitembea mbele, swichi kaziminya mkononi mpaka zikamwacha alama, na nyuma yake akasikia bangili za Naipanoi na kibuyu cha maziwa kikicheza. Alimchukia. Akajichukia na yeye mwenyewe kwa kumchukia mtu aliyetii alichodhani ameambiwa.

Jumatatu asubuhi Eunike aliwatazama, akatazama zile swichi mbili zisizo na kisanduku, akawapisha wapite.

"Sasa mimi nifanye nini?" Naipanoi akauliza. Alikuwa amesimama ukutani na ndewe zake tupu zikining'inia.

Blandina akafikiri. "Wewe ndiye mpira," akamwambia. "Nikikuonyesha kidole, unapiga ulimi. Namna hii. Tik."

"Tik," Naipanoi akajaribu. Aliipatia kabisa, sauti yenyewe.

Blandina akakifungua kiganja cha Clemensi, akaweka swichi moja, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja juu yake. Ya pili akaishika mwenyewe. Wakaanza. Tik, upande wa Blandina. Nukta ikavuka blanketi, ikavuka magoti ya mgonjwa. Blandina akavitazama vile vidole viwili kwa roho yake yote. Havikutikisika.

"Bao," akasema. "Moja bila."

Angeweza kumhurumia, akaacha kuhesabu. Lakini Clemensi hakupenda kuachiwa, na kama kweli alikuwa akisikia huko aliko, angekasirika. Basi alihesabu kwa haki. Mbili bila. Tatu. Jirani akaacha uji wake ukapoa. Tik, alisema Naipanoi, na kila mara vidole vikabaki vilevile, vya baridi, vimekunjwa kama alivyovikunja yeye. Tisa bila. "Clemensi, nakufunga! Mimi, Blandina, niliyekuwa nafukuza kuku! Utakubali?" Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Mlangoni mwa wodi zikasikika hatua za viatu vya daktari, vitanda vya mwanzo, polepole, kitanda kwa kitanda.

"Kumi na nne bila," Blandina akanong'ona.

Naipanoi hakujua sheria za mchezo ule. Hakujua kwamba lililobaki ni moja na kwamba likiingia, basi. Aliona kidole kimeinuliwa kwa mazoea, akapiga ulimi. Tik.

Blandina akaitupa swichi yake kitandani. Akazunguka upande wa pili, akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mdogo wake, kama alivyowekewa yeye zamani katika chumba kile kilichojaa watu. Machozi yalimtiririka, hakuyafuta.

"Usiifukuze," akamwambia sikioni. "Ingoje. Yenyewe inakuja."

Akauzungusha mkono ule mzito pamoja na wake. Naipanoi akamtazama usoni, akaelewa bila kuambiwa. Tik. Mpira ukarudi. Tik, kule. Blandina akauzungusha tena. Tik.

Daktari alifika, akasimama miguuni mwa kitanda, mahali pake pale pale. Aliwaangalia wanawake wawili na mgonjwa mmoja, mmoja akipiga ulimi, mmoja amepiga magoti anazungusha mkono usiokuwa wake. Alikuwa mpole kama kawaida.

"Mama," akaanza.

"Ngoja kwanza, daktari," Blandina akasema bila kugeuka. "Ni kumi na nne bila. Bado hatujamaliza."