Kila Darasa Lina Mtu Wake

Nyumbani walianza kumwita Mwalimu siku ile ile alipopanda ndege, na ukoo mzima ukishakubandika jina, ole wako ulivue. Alikwenda ugenini kusomea ualimu wa Kiingereza wa sekondari. Kwenye vitabu alikuwa moto: insha, fasihi, nadharia za malezi, zote alizimeza. Kilichomkwama kooni ni mazoezi ya kufundisha. Mara ya kwanza aliposimama mbele ya watoto wa watu na Kiingereza chake chenye lafudhi ya kwao, walimcheka mpaka mkaguzi akafunga kalamu yake. Akaanguka. Akabakiwa na nafasi moja tu, na chuo hakikuwa na huruma: ukianguka tena masomo yamekwisha, na kibali cha kuishi kinakwisha nayo. Sasa arudi aseme nini? Mama yake alikuwa ameshautangazia mtaa mzima.

Alikuwa akikaa kwa mama yake mdogo, aliyeolewa huko miaka mingi. Huyu mama mdogo alikuwa na binti wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, mtoto mpole kupita kiasi na mwenye kigugumizi. Kama Mungu alivyopanga, au shetani, mimi sijui, Kitinda alisoma katika darasa lile lile alilopangiwa Mwalimu. Darasani hakuwa akisoma kwa sauti. Walimu walijua, wenzake walijua, na hakuna aliyemgusa. Zamu ikimfikia inamruka kimyakimya, inakwenda kwa anayefuata. Watoto wale wale waliomtafuna Mwalimu mzimamzima, kwa Kitinda walikuwa na adabu zao.

Lakini jikoni, vyombo vikishaoshwa, mambo yalikuwa mengine. Hapo Mwalimu alijizoeza kufundisha, na Kitinda ndiye aliyekuwa darasa. Alikaa mezani akajifanya mtundu, akauliza maswali ya kijinga, akamsahihisha dada yake pale ulimi ulipoteleza. Na alipomsomea, alisoma bila kukwama. Siku moja mama mdogo alisimama mlangoni na beseni la nguo, akasikiliza, akaondoka akijifuta macho. Tangu amzae hakuwa amemsikia akimaliza ukurasa.

Shuleni Mwalimu alikuwa chini ya mwalimu mlezi, mama mmoja aliyezeekea kazini, ambaye wenzake walimwita Mama Chaki. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemkaribisha chai, ndiye aliyemwonyesha pa kusimama ili jua la dirishani lisimpige machoni. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, alimvuta pembeni ya kabati la vitabu.

"Mwanangu, sikiliza. Kila darasa lina mtu wake wa kuchekwa. Usipolichagulia, litakuchagua wewe."

Mwalimu akacheka, akidhani ni utani. Mama Chaki aliendelea kukoroga chai yake.

Haya, siku ikafika. Mkaguzi, bwana mmoja mrefu mwenye mafua, akakaa nyuma na karatasi zake za alama. Mwalimu alianza vizuri. Hajafika mbali, mtoto mmoja akarudia neno lake kwa ile lafudhi, polepole, kama anayelionja. Kicheko kidogo. Mwingine akarudia, kicheko kikakua. Mwalimu akageukia ubao, chaki ikamvunjikia mkononi, na kule nyuma kalamu ikaanza kukimbia. Alijua kinachoandikwa. Alikwisha kukisoma mara ya kwanza.

Akamwita Kitinda, tena kwa jina lake kamili la shuleni, asimame asome aya ya kwanza.

Baadaye alijiambia kwamba alimwamini, kwamba aya ile walikuwa wameisoma jana yake jikoni na mtoto akaiteremsha kama maji. Uongo mtupu. Alijua anachofanya. Kitinda alisimama, akamtazama dada yake kama anayesubiri kuambiwa ni mzaha, kisha akafungua kinywa. Neno la kwanza likagoma. Akalisukuma, likagoma tena, shingo ikakazika, vidole vikaking'ang'ania kitabu. Na hakuna aliyecheka, jamani. Hakuna. Wenzake waliinamisha macho kwenye madawati. Hapo bado Mwalimu angeweza kumkalisha, yakaishia hapo. Badala yake akalirudia lile neno vile vile lilivyokuwa likitoka, kwa kukwama kule kule, na shingo yake naye akaikaza.

Darasa likaangua kicheko. Hata mkaguzi alitabasamu ndani ya leso yake. Kuanzia hapo watoto wakawa wa Mwalimu: wakanyoosha mikono, wakajibu, wakaandika walichoambiwa waandike. Lafudhi hakuna aliyeikumbuka. Akafuzu, tena kwa alama za juu, na mkaguzi akamsifu mbele ya Mama Chaki kwamba analijua darasa. Shule nayo ikamwomba abaki na watoto wale mpaka mwisho wa mwaka.

Mama mdogo alimkumbatia nusura amvunje mbavu, akapika chakula cha kulisha harusi, akampigia simu dada yake, mama wa Mwalimu, wakalia pamoja kwa furaha. Kitinda alipanga sahani. Walipomaliza kula Mwalimu akamfuata kwenye sinki, hana pa kuuweka uso.

"Nisamehe, mdogo wangu. Haitatokea tena."

Kitinda akafunga bomba kwanza. Ilimchukua muda, maana sasa hata jikoni maneno yalikuwa yamegoma.

"Si... si kitu, dada. We... wewe unge... ungefukuzwa."

Ninyi mnaosema msingefanya, hamjawahi kusimama pale mbele. Na msidhani namtetea, maana bado sijamaliza.

Jumatatu aliingia darasani mwalimu kamili, na alikuwa ameapa moyoni. Akafungua kitabu, akaanza kusoma. Huko nyuma mmoja akarudia neno lake, polepole, kwa ile lafudhi. Wa pili akadakia. Mwalimu akakishusha kitabu. Hakutaja jina la mtu, haki ya Mungu hakutaja. Aliinua macho tu, na macho yakaenda yenyewe yanakokujua.

Kitinda alikuwa ameshasimama, kitabu wazi mkononi, na wenzake walianza kucheka kabla hajafungua kinywa. Mwalimu hakumkalisha.